Siku moja maishani mwangu: meza ya taaluma, wiki ya matokeo ya mock

Saa 12:30 asubuhi

Simu inalia kabla chai haijachemka. Ni kundi la WhatsApp la Maafisa Elimu Kata, na wiki hii halilali. Mock ya mkoa ya darasa la saba, yaani mtihani wa majaribio, imesahihishwa, maksi zinamiminika kutoka kwenye kata, na mtihani wa taifa ni Septemba. Tuko juu ya uwanda wa Makonde, mkoani Mtwara. Kazi ya meza ya taaluma katika ofisi ya elimu ya halmashauri ni kukusanya maksi za kila shule ya msingi ya serikali, kuziunganisha ziwe mkeka mmoja, yaani jedwali moja la matokeo ya shule zote, kisha kuwaeleza walimu wakuu mkeka unasema nini na nini umekificha.

Kwanza nahesabu mafaili, sifungui hata moja. Shule ngapi zimeleta, zipi bado. Baadhi huja kama jedwali la Excel, mengine ni picha za karatasi zilizopigwa kwa simu, kivuli cha mkono kimefunika safu ya Hisabati. Picha ya hivyo inarudi ilikotoka. Ukibahatisha kati ya 3 na 8 umempa mtoto maksi tano za bure, au umemnyang'anya.

Kila faili sharti libebe namba ya shule, ile inayoanza na PS12 kwa Mtwara (wenzetu wa Lindi ni PS08). Jina peke yake halitoshi. Majengo, Umoja, Azimio: majina haya yamezagaa kila mahali. Halafu "S/M Majengo", "Majengo SM" na "Shule ya Msingi Majengo" kwetu ni shule moja, kwa kompyuta ni shule tatu.

Saa 1:30 asubuhi

Sasa ni kufagia. Sehemu kubwa ya kazi hii ni usafi wa jedwali, na asiyeupenda usafi atatoa ripoti maridadi ya maksi mbovu.

Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Kila somo maksi 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni A, 181 ni B, 121 ni C, 61 ni D, chini ya hapo E. Anayehesabiwa kufaulu ni wa A, B au C, kwa hiyo mvutano wote uko kwenye ile 121.

Naiwekea kompyuta amri kwamba seli yoyote yenye zaidi ya 50 iwe nyekundu. Nyekundu zikijaa safu nzima, mwalimu amesahihisha kwa 100. Ikiwa nyekundu moja tu, usikimbilie kugawa kwa mbili. Mara nyingi ni 17 iliyogeuzwa ikawa 71. Karatasi ya mtoto itolewe kabatini iangaliwe.

Kosa linaloharibu zaidi ni kuchanganya sifuri na ambaye hakuja. Aliyefanya akakosa yote anaandikiwa 0, ambaye hakufanya anaandikiwa X. Excel ikipiga wastani huruka X na seli tupu, lakini 0 inaihesabu. Watoto 20 wenye jumla ya maksi 500 katika somo wana wastani wa 25. Waandikie sifuri watano ambao hawakuja, wastani unashuka hadi 20, na mwalimu wa somo anaitwa kujieleza kwa kosa la mchapaji. Kinyume chake kipo pia: aliyepata sifuri anaachwa wazi, na wastani unapanda bila mtu kufundisha chochote. Wengine huandika herufi O mahali pa 0, na kompyuta inaiona kuwa neno. Dawa yake ni jicho: tarakimu hujipanga upande wa kulia wa seli, maneno upande wa kushoto. Safu ikisomwa kutoka juu hadi chini, kinachoegemea kushoto ndicho cha kukamata.

Kuna jingine ambalo likishatokea kompyuta haiwezi kulipigia kelele. Mwalimu anataka majina yafuate alfabeti, anachagua safu ya majina peke yake, anapanga. Majina yanahama, maksi zinabaki. Kila mtoto sasa amevaa maksi za mwenzake, wakati wastani wa shule haujasogea hata nukta. Ndiyo maana kila shule inatakiwa kuja na karatasi halisi za watoto watano, ninaowachagua mimi, tulinganishe na jedwali. Mmoja kati ya watano asipolingana, shule nzima inaingizwa upya.

Kuwaunganisha watoto wa mwaka huu na matokeo yao ya nyuma hufanyika kwa namba ya PReM, ile ya Baraza la Mitihani inayomfuata mwanafunzi hata akihama shule. Ukitumia majina utalia. Mohamedi, Mohamed na Muhamadi ni kijana mmoja, na Zainabu aliyeandikwa kwa jina la baba darasa la nne anaweza kufika darasa la saba kwa jina la mjomba anayemlea.

Saa 4:00 asubuhi

Chai na muhogo wa kuchemsha, huku jedwali la pili likifunguliwa. Hili ndilo ninaloliamini kuliko yote, na halina maksi hata moja. Lina idadi ya watoto tu.

Kundi la darasa la saba la 2025 liliandikishwa darasa la kwanza 2019 na kupimwa kitaifa darasa la nne 2022. Katikati, 2020, shule zilifungwa kuanzia Machi hadi mwishoni mwa Juni kwa sababu ya korona, nao wakiwa darasa la pili, mwaka wa kukamilisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Wanaosoma kwa kusitasita hadi leo, sababu mojawapo ni hiyo.

Tuchukue mfano. Shule iliandikisha 60 darasa la kwanza. Darasa la nne wakafanya upimaji 52. Darasa la saba wamesajiliwa 44, mock wamefanya 38, wamefaulu 30. Mwalimu mkuu ataandika ufaulu wa asilimia 78.9, yaani 30 kwa 38, na hajadanganya. Ukigawa kwa waliosajiliwa ni asilimia 68.2. Ukigawa kwa walioingia darasa la kwanza ni nusu kamili. Shule hiyohiyo, asubuhi hiyohiyo, takwimu tatu.

Tofauti ya 60 na 44 haimaanishi utoro mtupu. Wapo waliorudia darasa, wapo waliohama, na PReM inaonyesha walikokwenda. Wa kutafutwa ni wale ambao hawamo popote: hawakuhamia shule nyingine, hawakurudia, hawamo. Na wale sita waliosajiliwa ila mock hawakufanya wanatafutwa kwa majina leo hii, maana Septemba mtu haongezwi wala hafufuliwi.

Kalenda ya Kusini ina yake. Agosti bado watu wanapulizia mikorosho, korosho zinaanza kuanguka karibu na siku zenyewe za mtihani wa taifa, na mtoto wa miaka kumi na mitatu ni mikono miwili ya kuokota. Likizo za jando na unyago zikirefushwa kwa wiki mbili, pengo linaonekana kwenye daftari la mahudhurio. Familia nyingine hushuka bonde la Ruvuma kulima mpunga na watoto wote, zinalala kwenye dungu, kibanda cha kulindia shamba, hukohuko.

Saa 6:00 mchana

Jedwali likishatakata, uchambuzi wenyewe hauchukui saa mbili. Kila shule inapata wastani wa jumla na wa kila somo, kisha mgawanyo wa madaraja. Mgawanyo ndio wa maana. Wastani wa 24 katika Hisabati unaweza kuwa darasa zima liko kwenye 24, au nusu wako 40 na nusu wako 8. Shule mbili hizo haziwezi kupewa ushauri mmoja.

Hiyo 8 ina maana yake. Karatasi yenye maswali 40 ya kuchagua, kila swali majibu matano, mtoto asiyejua kusoma akiweka alama popote atapata wastani wa 8. Katika somo moja D inaanzia 11. Kwa hiyo D ya chini haiko mbali na bahati nasibu, na ninapoona darasa limejazana kati ya 6 na 11 sipeleki mwalimu wa Hisabati. Naomba watoto hao wasomewe aya moja ya Kiswahili cha darasa la pili, kisha wao waisome. Majibu huwa yamepatikana hapo.

Orodha tatu zinatoka kwa kila shule. Wenye 100 hadi 120, wanaoweza kuvuka. Wenye 121 hadi 140, wanaoweza kuanguka wakiugua siku moja. Na walio chini ya 61. Shule nyingi huchukua orodha ya kwanza, zinaipigia kambi usiku na mchana, na ya tatu zinaiacha kwa sababu haitapandisha asilimia. Kwa hesabu ya wiki tano nawaelewa. Kwa kazi ya ualimu siwaelewi.

Kulinganisha na mwaka jana kuna mtego. Mock ya mkoa hutungwa upya kila mwaka, ugumu wake haufanani, hivyo kutoa asilimia ya mwaka jana kwenye ya mwaka huu ni kupima nguo kwa futi mbili zenye urefu tofauti. Ninachotazama ni umbali wa shule kutoka wastani wa halmashauri. Tuseme mwaka jana shule ilikuwa na 132, halmashauri 128: ilikuwa juu kwa 4. Mwaka huu ina 140, halmashauri 145: iko chini kwa 5. Mwalimu mkuu anashangilia maksi nane zilizoongezeka, kumbe wenzake wamempita. Na shule yenye watahiniwa 12 isihukumiwe kwa mwaka mmoja. Watoto wawili wakiumwa, asilimia 16.7 imeondoka. Shule za hivyo nazijumlisha miaka mitatu.

Ofisi ya sekondari wana vipimo vyao vya divisheni na GPA ya kituo, yaani wastani wa madaraja wa shule. Mgeni akumbuke tu kwamba kwao ndogo ndiyo bora: 1 ni kileleni, 5 ni chini. Nimeshaona mkeka uliopangwa kinyume, wa mwisho akiwa juu, umebandikwa ubaoni.

Saa 8:00 mchana

Wali na samaki kwa mama ntilie, haraka, kisha pikipiki. Shule moja kwa siku inatosha ukitaka kuona vitu.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, karibu Afisa. Umekuja na mkeka?"

"Nimekuja na majina sita. Hawa wako wapi?"

Anavaa miwani. "Huyu ni mgonjwa, yuko hospitali na mama yake. Hawa wawili wako bondeni. Huyu kaolewa, kesi iko kwa mtendaji. Hao wengine wawili… mwalimu wa darasa aje aseme mwenyewe."

Daftari la mahudhurio linaletwa. Kama limejaa alama za kuwapo mwezi mzima hata kwa mtoto aliyeko bondeni, nalifunga na kuomba madaftari ya mazoezi ya Hisabati. Tarehe ya zoezi la mwisho lililosahihishwa ndiyo tarehe mtoto alipoonekana mara ya mwisho. Hakuna anayekumbuka kuidanganya hiyo.

Kisha karatasi. Walimu wawili wanachukua karatasi 30 za somo moja na kupiga vistari: swali la ngapi, wangapi wamekosa, wamechagua herufi gani. Kazi ya saa moja. Makosa yakisambaa herufi zote, watoto wamebahatisha na mada haikufundishwa. Wakikosa wote kwa herufi ileile, ama walifundishwa vibaya, ama kuna mtu aliwapa jibu. La pili hujulikana kirahisi: waliokaa mbali wana makosa pachapacha hata kwenye maswali rahisi.

Tunaangalia pia utiaji kivuli, yaani kujaza kwa penseli kisanduku cha jibu kwenye fomu. Penseli ni HB. Waliotia kivuli visanduku viwili kwenye swali moja au waliofuta hadi karatasi ikachubuka wamepoteza maksi wanazozijua. Kosa hili linatibika ndani ya wiki, ndiyo maana mock isiyotumia fomu za kutia kivuli ni hasara.

Saa 10:30 jioni

Ofisini, ripoti. Ukurasa mmoja kwa shule, A4, upande mmoja. Juu kabisa hakuna asilimia ya ufaulu. Inaanza na idadi nne: walioandikishwa, waliosajiliwa, waliofanya, waliofaulu. Kisha umbali kutoka wastani wa halmashauri kwa kila somo, mada tatu zilizoanguka zaidi, na idadi za orodha tatu. Majina yanakwenda kwa mwalimu mkuu kwenye bahasha. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna mtoto anayewekwa na maksi zake.

Kikao cha tathmini kitataka kujua nani wa kwanza. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya 2022, lakini kwenye halmashauri bendera ya mshindi bado inapendwa. Natoa orodha mbili: ya wastani, na ya shule zilizosogea zaidi kuliko umbali wao wa mwaka jana. Ya pili huibua shule za vijijini ambazo hakuna aliyezitazamia.

Umeme ukikatika kazi inaendelea kwa betri saa moja na nusu hivi. Faili linakaa sehemu tatu: kompyuta, flashi, barua pepe ya ofisi. Pembeni nimeanza jedwali la 2027, mwaka ambao darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mtaala wa zamani watamaliza pamoja. Atakayewachanganya kwenye safu moja hatawatenganisha tena.

Saa 2:00 usiku

Ujumbe kutoka kwa mwalimu mkuu wa mchana: "Afisa, wale wawili wa bondeni wamefika jioni hii na baba yao. Kesho tunawapa mock."

Namjibu wapewe, zisahihishwe, na makosa yao yapigiwe vistari kama ya wenzao. Ila maksi ziandikwe kwenye karatasi ya pembeni, kwenye mkeka wabaki na X. Maswali yale yameshajadiliwa ubaoni wiki nzima.