Tope kavu ndilo lililonipatia fedha za utafiti

Miaka minne naambiwa nibadilishe samaki ninayemtafiti. "Fanya pweza, mwanangu," aliniambia mkubwa mmoja, "au mwani. Siku hizi ni uchumi wa buluu, nani atakupa pesa za samaki wa dimbwini?" Ushauri huo ulinichoma. Pweza yupo kila bahari. Huyu wangu, Nothobranchius guentheri, aliyeelezwa kisayansi na Pfeffer mwaka 1893, makazi yake ya asili ni Unguja tu, kwengine hakuna.

Ni mdogo kama kidole, dume ana mkia mwekundu wa pilipili. Huishi kwenye madimbwi ya masika na mabonde ya mpunga. Maji yakikauka wanakufa wote, mayai yanabaki topeni kungoja mvua nyengine. Bibi mwenye bonde ninalofanyia kazi anashikilia kuwa hushuka na mvua. Nilipomwambia wamo humu humu kwenye tope analolikanyaga, alinitazama kama niliyepigwa na jua.

Kuwakamata si shida: chandarua kikuukuu na buti za mpira. Shida ni watu wa fedha.

Mara ya kwanza nilikwenda na slaidi arubaini. Kufika ya tisa mwenyekiti yuko kwenye simu.

Mara ya pili nikajiona mjanja. Mwezi wa nane nikachimba tope kavu bondeni, nikaazima bakuli la bati la yule bibi, nikaliweka mezani mbele ya kamati na kumimina maji. "Subirini," nikasema kwa kujiamini. Tukasubiri. Chai ikaja, sambusa zikaliwa. Kilichotoka topeni ni konokono mmoja. Mjumbe akauliza kama na huyo anaomba ruzuku. Nilicheka nao, nikalia ndani ya daladala.

Na mie ndiye mtaalamu! Mayai yale hayaamki pamoja, kila moja lina usingizi wake, la sivyo mvua moja ya uongo ingemaliza kizazi kizima. Tena kwenye konzi ya tope huenda lisiwemo hata yai moja.

Basi nikawafuga nyumbani, kwenye ndoo, chini nimetandika usumba wa nazi uliochemshwa watagie humo. Kila wiki nautoa, naukamua, nautandaza kwenye gazeti mpaka ushikike kama tumbaku, kisha kwenye mkebe wenye tarehe, chini ya kitanda. Mume wangu alivumilia, Mungu amlipe. Usiukaushe ukawa wa kusugulia sufuria. Mkebe wangu wa kwanza uliharibika hivyo. Baada ya miezi mitatu minne chukua lenzi: ukiona jicho lina duara la dhahabu ndani ya yai, tayari.

Siku ya mkutano niliumwagia usumba maji ya baridi alfajiri, nikapakata bakuli lile lile mpaka mjini. Sikuwaficha, niliwaambia nimetia maji baada ya sala ya asubuhi. Saa nne wanaogelea, kila mmoja kama kope yenye macho mawili. Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa tena, akamwita na mama wa chai aje atazame.

"Hawa walikuwa wapi?"

"Chini ya kitanda changu, mheshimiwa, tangu mwezi wa sita."

Hapo ndipo waliponisikiliza habari ya viluwiluwi vya mbu wanavyovila, na mabonde yanavyojazwa kifusi watu wajenge. Slaidi sikufungua hata moja.

Walitoa kama nusu ya nilichoomba. Mafuta ya Vespa yanatosha, na darubini ya mtumba. Sasa mhasibu anataka risiti ya tope. Nimempelekea bibi karatasi aweke saini kuwa tope ni lake na amelitoa bure. Kasema hatii saini mpaka bakuli lake lirudi.