Stori imebalansi kwa nani?

Kuna sentensi moja kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku inayonikera kuliko zote: "Alipotafutwa ili kutoa ufafanuzi, simu yake iliita bila kupokelewa." Mimi ni mhariri wa picha katika kituo kimoja hapa Dar, na hiyo simu naijua. Mara nyingi hupigwa saa moja na nusu jioni, mwandishi akiwa ameshaingiza sauti na mimi nimeshapanga picha. Wakati huo mhusika yuko kwenye daladala ya Gongo la Mboto, kasimama, kashika bomba, simu inatetemeka mfukoni, na hata akifanikiwa kuitoa namba yenyewe haijui. Nusu saa baadaye nchi nzima inamwona kama mtu aliyekimbia maswali. Si uongo, simu kweli iliita. Basi tuseme na saa iliyoita, watazamaji wapime wenyewe.

Chumba cha habari, sentensi hiyo ikishawekwa, tunasema stori imebalansi. Kwa nani?

Mwaka 2021 wamachinga walipoondolewa barabarani Kariakoo, niliwekewa mezani mahojiano ya mama mmoja muuza mitumba. Alizungumza dakika nne, kwa utulivu kabisa: biashara yake, ada ya watoto, kitambulisho cha mjasiriamali alicholipia shilingi 20,000 akiamini kinamlinda. Mwishoni kabisa sauti ikakatika, akalia. Mwandishi akataka kilio tu, sekunde nane. Kiongozi aliyehojiwa ofisini, bendera nyuma yake, maiki imefungwa vizuri kwenye koti, alipewa dakika moja na nusu. Niliuliza kwa nini tusichukue hata ile sehemu ya kitambulisho. Nikajibiwa muda hautoshi, halafu machozi yana mvuto. Kwa hiyo pande zote mbili zilisikika, mmoja akiwa na hoja na mwenzake akiwa na kamasi.

Simlaumu sana yule kijana mwandishi. Wengi wao hulipwa kwa stori, na nauli ya kwenda kwenye tukio hutoka kwenye bahasha ya aliyeita waandishi. Tunaiita mshiko, tunacheka. Mama wa mitumba hana mshiko.

Na woga upo, tusidanganyane. Januari 2018 TCRA, mamlaka ya serikali inayosimamia mawasiliano na utangazaji, ilivitoza vituo vitano vya runinga faini ya jumla ya shilingi milioni 60, kwa habari kuhusu taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu juu ya uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Mimi nilichokiona baada ya hapo ni kwamba mizania ilianza kutazama juu tu. Stori ikimgusa mkubwa, inasomwa na watu watatu, inasubiri jibu lake hata siku mbili. Ikimgusa mpangaji wa Tandale, inaruka usiku huohuo. Huyo mpangaji anaweza kulalamika Baraza la Habari, ambalo husuluhisha kesi za namna hii, lakini nani amewahi kumwambia? Sisi kwenye kipindi hatumtangazii.

Wanaoumia zaidi ni watuhumiwa. Polisi wanaita mkutano, vijana wamechuchumaa mbele ya meza yenye mapanga na simu, kamera inapita uso kwa uso. Katiba, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Sisi tunaandika "watuhumiwa" chini ya picha halafu mtangazaji anasoma "majambazi hao". Kesi ikiisha mahakamani Kisutu na kijana akaachiwa, hakuna gari la kituo pale nje. Mtaani kwao anabaki yule wa kwenye TV.

Kwenye kikao cha asubuhi nilipendekeza tuwe na daftari: kila sura tuliyoionyesha kwa tuhuma iandikwe, kesi ifuatiliwe, na akiachiwa tutangaze saa mbili ileile, si kwenye habari za usiku wa manane. Nikaongeza kwamba, kwa upande wangu, nitakuwa naziziba nyuso mpaka mtu afikishwe mahakamani. Mhariri akasema wazo zuri, tutalijadili kesho.

Kesho yake kulikuwa na ziara ya waziri.