Mafunjo na ndugu zake: mradi umehamia kinamasini

Katika mradi wangu wa kukusanya na kutambua mimea ya jamii ya mafunjo, sehemu ya shambani imekamilika. Ndago za aina mbili zimekauka vizuri ndani ya magazeti na kubandikwa kwenye karatasi zake: Cyperus rotundus, ambayo viazi vyake hufuatana chini ya udongo kama shanga kwenye uzi, na Cyperus esculentus, ambayo kila kijishina cha chini huishia kwenye kiazi kimoja tu. Ukizing'oa kwa pupa viazi hubaki ardhini, kwa hiyo nachimba taratibu kwa kijembe. Suke nalo husaidia: la rotundus lina wekundu wa kahawia, la esculentus ni la manjano.

Sasa niko Dunga, kando ya Ziwa Victoria, karibu na mji wa Kisumu. Huku kina cha maji ndicho kinachoamua nani aote wapi. Penye unyevu tu, ng'ombe wanapolisha, kuna Kyllinga, ndugu mdogo wa mafunjo, na vichwa vyake vidogo vya mviringo. Kwenye matope yaliyotuama unaanza Cyperus latifolius, wenye majani mapana ambayo Rwanda husukiwa mikeka. Mbele zaidi ni mafunjo matupu, Cyperus papyrus.

Kwa kila mmea naanza kwa kukata shina: nyasi huwa na vifundo, mimea ya jamii ya mafunjo haina, na mara nyingi shina ni la pembe tatu. Lakini pembe hizo si sheria. Eleocharis, ndugu wengine wa mafunjo, nyingi zina shina la duara lisilo na jani, na suke moja tu kileleni. Baada ya hapo ni lenzi. Ua la ndago na la mafunjo lina vijinyuzi vitatu juu ya ovari, la Kyllinga viwili, na mbegu hufuata mkondo huohuo: ya pembe tatu, au bapa.

Mafunjo yamenishika kuliko yote. Shina hufika mita 4 hadi 5, na majani yake yamebaki magamba tu chini kabisa. Chakula hutengenezwa na shina lenyewe na ile miale ya kijani ya kichwani. Mashina ya chini yamesokotana yakawa zulia linaloelea. Ziwa likijaa, kama lilivyojaa mwaka 2020, zulia huinuka nalo, na kipande kikimeguka huwa kisiwa kinachosukumwa na upepo.

Humo ndani anaishi Laniarius mufumbiri, ndege mwenye tumbo jekundu na utosi wa manjano, asiye na makao nje ya mafunjo. Mtu anayekata kwa ajili ya mikeka na viti huacha mashina ya chini, nayo huchipua tena asipoyarudia upesi mno. Anayechoma na kuchimba mitaro ili alime haachi kitu, na ndege huyo hana pa kuhamia. Hilo linaniuma sana.

Kinachofuata ni kupeleka nakala za vielelezo kwenye hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi, wathibitishe majina. Baadaye nitapanda Mlima Kenya kutafuta Carex monostachya, ndugu mwingine wa mafunjo, kwenye vinamasi vya baridi. Huko ni hifadhi, kwa hiyo sitachuma kitu. Nitapiga picha tu, shina, suke na mbegu, kila moja karibu kabisa.