Noah itaikuta Coaster wapi?

Maswali ya umbali, mwendokasi na muda ndiyo yaliyoniangusha Hisabati mara ya kwanza. Niliporudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, huku nauza viatu vya mtumba soko la Memorial hapa Moshi, niliamua kujitungia swali la barabara ninayoijua. Coaster inatoka Moshi kwenda Arusha saa 2:00 asubuhi kwa kilomita 40 kwa saa (ukihesabu kusimama kila kituo, hiyo ni haki yake). Noah inatoka saa 2:30 kwa kilomita 60 kwa saa. Itaikuta wapi?

Kanuni ninayo kichwani: umbali ni mwendokasi mara muda. Muda wa Coaster nikauita t. Noah imechelewa dakika 30, kwa hiyo muda wake ni t − 30. Zikikutana, zote zimetembea umbali ule ule:

40t = 60(t − 30)
20t = 1,800
t = 90

Nikazidisha 40 kwa 90, nikapata kilomita 3,600. Jamani, Moshi hadi Arusha ni kama 80 tu! Siku mbili nikalitazama lile daftari nikidhani mlinganyo ndio mbovu.

Kumbe mlinganyo hauna kosa. Ile 90 ni dakika, kwa kuwa 30 niliyoiweka ilikuwa ya dakika, nami nikaizidisha na mwendo wa kwa saa. Nikaandika upya kwa saa: 40t = 60(t − ½). Nikapata t = 1½, yaani saa 3:30, kilomita 60 kutoka Moshi. Hapo ni jirani na Usa River. Siku hizi siandiki t kabla sijaandika pembeni yake "saa" au "dakika".

Jumamosi moja nikienda Arusha kufuata mzigo, nikamtupia konda swali lile lile. Hakuomba hata kalamu.

"Dada, nusu saa si tayari tuko kilomita 20 mbele? Na yeye kila saa anatupunguzia 20. Saa moja tu ametushika. Haya, nauli."

Nikampa, kisha nikatoa daftari nikaiandika njia yake, t ikianza kuhesabiwa Noah inapotoka: 60t = 40t + 20. Mistari miwili, t = 1.