Mradi wa blanketi la pointi, wiki ya 6: kipande kimesinyaa!

Basi jana usiku nimekitoa kipande kwenye kitanda cha kufumia, sm 80 kwa 50, na ukikiinua dirishani unaona mwanga unapita katikati ya nyuzi. Kwa waliojiunga sasa hivi, nafuma blanketi dogo la sufu kwa mtindo wa yale ambayo Hudson's Bay Company, kampuni ya biashara ya Waingereza, ilikuwa inabadilishana na ngozi za biva huku Kanada. Biva ni yule mnyama wa mitoni anayeangusha miti kwa meno, manyoya yake Ulaya walikuwa wanatengenezea kofia.

Kazi iliyonichukua muda mrefu kuliko zote ni pointi zenyewe. Hizo ni vile vistari vifupi vya rangi ya nili pembeni mwa blanketi, na havichapwi wala havidariziwi, unaingiza uzi kwa vidole ukiwa bado unafuma halafu unakata ncha. Pointi nzima kwenye yale ya zamani ni kama sm 10 hadi 14 na nusu pointi ni nusu ya hapo. Nimeweka mbili na nusu, nikafumua mara tatu maana mshindio (uzi unaopita kwa upana) ulikuwa unavuta upande mmoja.

Wengi wanaamini kila pointi ilikuwa ngozi moja ya biva, yaani pointi tatu ngozi tatu. Sio kweli, pointi ni saizi. Bei ilikuwa inahesabiwa kwa ngozi ndio, ila ilipanda na kushuka, pointi zikabaki palepale. Na ukilifikiria blanketi likiwa limekunjwa kwenye rundo ghalani unaelewa mara moja, karani anatazama pembeni tu, hana haja ya kulikunjua.

Wafaransa wa Montreal walikuwa na blanketi za pointi kabla ya Waingereza. Kampuni ilianza 1670 lakini ni mpaka mwishoni mwa 1779 ndo Germain Maugenest, mfanyabiashara aliyetokea huko Montreal, akawashawishi mabosi London waagize za pointi, wakamwagiza Thomas Empson wa mji wa Witney, Uingereza, jozi 500, 100 kwa kila saizi, kuanzia pointi 1 hadi 3 pamoja na za nusu katikati. Nimefurahi sana kusoma kwamba ni jozi, maana zilikuwa zinafumwa mbilimbili.

Turudi kwenye kipande changu, nilikitia kwenye beseni kisinyae. Maji ya moto, sabuni ya mche, nikakanyaga kwa miguu karibu saa nzima (Witney walikuwa na nyundo zinazoendeshwa na maji ya mto Windrush, mimi nina visigino). Dakika 20 za mwanzo hakuna kitu, nikaanza kukata tamaa, alafu ghafla nyuzi zikaanza kushikana na kitambaa kikawa kizito mkononi. Nimepima kikiwa kimekauka: sm 61 kwa 37! Mwanga haupiti tena. Kona moja imesinyaa zaidi ya nyingine, hapo nilikanyaga sana.

Nimemwagia kikombe cha maji, yakasimama juu kama matone. Sasa naelewa kwa nini Wacree na Wametis, watu wa asili wa huku Kanada, waliyapokea mablanketi haya na kuyashona makoti yenye kofia, ngozi ikilowa inakuwa nzito na ikikauka inakakamaa, sufu hata ikilowa bado inakupa joto.

Na siwezi kuandika haya nikaruka Fort Pitt, ngome ya Waingereza huko Marekani. Juni 1763, wakati wa vita, Waingereza waliwapa wajumbe wa Wadelaware, watu wa asili wa huko, blanketi mbili na leso kutoka wodi ya wagonjwa wa ndui, kwa makusudi, na William Trent, aliyekuwa pale ngomeni, aliandika mwenyewe kwenye shajara yake. Ilikuwa ya jeshi, sio duka la hii kampuni, lakini nilivyokuwa nakanyaga lile beseni nilikuwa nawawaza wale wajumbe wanavyopokea kitu cha kujifunika.

Wiki ijayo nachana manyoya ya juu kwa brashi yawe laini, na nimeshatandika mtande (nyuzi za urefu) mpya, safari hii mistari minne, kijani, nyekundu, njano na nili.