Mvumo wa amplifaya mbovu

Jumamosi usiku niliweka mezani amplifaya ya kwaya aliyoileta mama mmoja wa mtaani kwetu. Ugonjwa wake niliujua kabla sijafungua skrubu hata moja. Ukiiwasha tu, inavuma mmmm mfululizo, hata kama hakuna maiki iliyochomekwa. Kapasita za pawa, vile vifaa vinavyotuliza umeme ndani yake, zimekauka. Ni kazi ya nusu saa, lakini sikuigusa. Nilivuta kiti nikaisikiliza, maana wiki nzima nilikuwa nalala na Irrlicht masikioni.

Irrlicht ndiyo albamu ya kwanza ya Klaus Schulze akiwa peke yake, Ujerumani, mwaka 1972. Kabla ya hapo alikuwa mpiga dramu, kwanza Tangerine Dream, kisha Ash Ra Tempel. Wengi wakisikia habari za muziki wa anga wa Wajerumani wanadhani ni sintesaiza tupu, zile mashine za kuunda sauti kwa umeme. Humu hamna hata moja. Alikuwa na kinanda cha umeme kilichofanyiwa ufundi, kanda ya okestra ikiwa mazoezini, na amplifaya iliyoharibika, ambayo alipitishia sauti ili izibadilishe. Mimi natengeneza redio na amplifaya hapa Morogoro, huu mwaka wa 11. Nilipofika kwenye hiyo amplifaya nilirudia kusoma mara tatu.

Kipande cha kwanza, Ebene, kina dakika 23. Okestra aliicheza kinyumenyume. Fidla ikigeuzwa hivyo, huusikii upinde ukianza kugusa uzi. Sauti inavimba polepole kutoka gizani, halafu inakatika kama pumzi iliyozuiwa. Hakuna ngoma, hakuna mdundo wa kushika. Kisha kinanda kinaingia kwa chini na kupanda, kinapanda, mpaka unahisi paa la nyumba limeondolewa na uko peke yako chini ya nyota. Usiku wa kwanza nilizima taa, nikavaa hedifoni, na kilipoisha nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili. Gewitter, kinachofuata, ni kifupi, kinapita kama radi. Upande wa pili wote ni Exil Sils Maria, dakika 21 za giza zito. Huo sikushauri uanze nao.

Irrlicht kwa Kijerumani ni ule mwanga unaoonekana usiku kwenye vinamasi, msafiri akiufuata anapotea.

Sasa nisikilize hapa, hasa wewe fundi mwenzangu. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na wa Ujerumani ni 50 vilevile. Ukishapita kwenye daiodi, vifaa vinavyoulazimisha umeme uende upande mmoja, mvumo unakuwa 100, karibu kabisa na noti ya sol. Maana yake amplifaya iliyokaukiwa kapasita Berlin na hii ya mama wa kwaya zinaimba noti ileile. Miaka yote hii nimekuwa nikiinyamazisha nikipokea hela yangu, na sikuwahi kuisikiliza.

Asubuhi mama alipita. "Fundi, mbona bado inalia?"

"Nipe mpaka saa kumi, mama yangu."

Nilirekodi ule mvumo kwenye simu, dakika 4, kisha nikawasha kilehemu nikatoa kapasita. Jioni kwaya ilipata amplifaya safi, kimya kabisa. Rekodi ninayo. Jana usiku niliigeuza kinyumenyume, nikaipunguza kasi mara nne.

Mwishoni kabisa, nilipozima swichi, kuna mlio mdogo wa kushuka. Ukigeuzwa, unapanda.