Nilivyopata usingizi tena

Nafanya kazi mapokezi ya hoteli hapa Malindi. Disemba wageni wanafoka, na meneja anakupigia hata saa sita usiku. Nikawa naamka alfajiri moyo ukidunda, kichwa kikigonga. Nikadhani malaria, kipimo hakikuonyesha kitu. Presha ilikuwa 150 kwa 95. Daktari akaniuliza habari za kazi kabla ya chumvi: wasiwasi usiokatika huuweka mwili ukitoa kotisoli, homoni ya msongo wa mawazo, usingizi unapotea, presha inapanda.

Dawa nilimeza, lakini kilichonisaidia hasa ni daftari. Niliandika kila simu ya usiku kwa wiki mbili, nikamwekea meneja mezani. (Kulalamika kwa mdomo nilishajaribu, niliambiwa nivumilie.) Zamu ya usiku ikapewa simu yake, yangu nazima saa mbili usiku. Baada ya miezi miwili: 128 kwa 82. Pasaka kichwa kiligonga kidogo.